Usisubiri Goti Lipone: Mazoezi ya Kupunguza Uzito kwa Wenye Majeraha ya Viungo na Mgongo

  

Nimeombwa nizungumzie mazoezi na uzito, nikaachiwa nichague pa kuanzia. Nimechagua kuanza na watu ambao mazungumzo ya mazoezi huwaacha nje. Asubuhi za mwisho wa wiki, klabu za jogging zinapopita na fulana zao za rangi moja na nyimbo zao, wapo wanaobaki barazani wakitazama. Wengi wao si wavivu. Mmoja aligongwa na bodaboda, kano za goti zikakatika. Mwingine alikata mkonge au alibeba magunia bandarini tangu ujana wake, na leo hawezi kuinama akafunga kamba za viatu. Mwingine ni mama mwenye kilo mia na ushee. Daktari amemwambia apungue, magoti yanamwambia akae. Hawa kila wanapokwenda huambiwa neno lile lile, fanya mazoezi. Wakijaribu wanaumia, wakiumia wanapumzika, wakipumzika wanaongezeka, na wakiongezeka maumivu yanazidi. Nimefanya kazi ya fiziotherapia miaka mingi na nimewaona wakizunguka humo humo mpaka wanakata tamaa.

Ninachotaka kuwaambia ni kwamba kwa majeraha mengi ya muda mrefu ya goti, nyonga na mgongo, hakuna haja ya kungoja upone ndipo uanze. Kupona kwenyewe hupitia kwenye mazoezi. Kazi iliyopo ni kuchagua zoezi linalolingana na kiungo kilivyo leo, na kujua kwamba sehemu kubwa ya uzito itaondokea mezani wakati wa kula. Watu wengi hushindwa kwa sababu wameelezwa nusu tu ya maneno haya.

Nianze na goti, maana ndilo linaloogopwa kuliko vyote. Wataalamu wa Berlin waliwawekea wagonjwa magoti ya bandia yenye vipimo ndani yake, wakapima mzigo mtu anapotembea. Kwenye ardhi tambarare, goti hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwenye nalo katika kila hatua, na akiwa anapanda au kushuka ngazi hubeba zaidi. Mwenye kilo 80 anaposogea kutoka chumbani hadi uani, goti lake linabeba kilo 160 na kuendelea, hatua baada ya hatua. Hesabu hiyo inatisha, lakini ina upande wa pili wenye faraja. Mwaka 2005 Stephen Messier na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, walionyesha kwamba kila kilo 1 inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Aliyepungua kilo 5 amelipunguzia goti kilo 20, na kwa siku tunapiga hatua maelfu. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kilo tano ni kidogo. Kwenye kioo huenda zisionekane, lakini goti linazijua.

Sasa kwa nini tusilipumzishe tu? Nimeulizwa swali hili mara nyingi, hasa na watoto wanaowapenda wazazi wao na kuwakataza wasinyanyuke. Mwisho wa mifupa inapokutana kwenye goti umefunikwa na gegedu, na gegedu haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka kama maji kwenye sifongo: ukibana unatoka, ukiachia unaingia. Goti lisilobanwa na kuachiwa halili. Tena goti likivimba, neva hupunguza amri zinazokwenda kwenye msuli mkubwa wa mbele ya paja, na msuli huo hunywea upesi mno. Mpime mtu aliyelala wiki chache baada ya ajali, utakuta paja la mguu mbovu limekuwa jembamba kuliko la mguu mzima, wala huhitaji kifaa maalumu. Futi ya fundi cherehani inatosha. Msuli ule ndio uliokuwa ukipokea kishindo cha kila hatua. Ukiisha nguvu, kishindo chote kinaangukia mfupa. Kwa hiyo mapumziko marefu, yaliyotolewa kwa huruma, huliacha goti likiwa na njaa na bila mlinzi.

Mgongo nao una habari yake. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki, Finland, waliokuwa wameshikwa na maumivu makali ya kiuno. Kundi moja lililazwa kitandani siku mbili, la pili likapewa mazoezi maalumu ya mgongo, la tatu likaambiwa liendelee na shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona upesi ni hao wa tatu, na waliochelewa kuliko wote ni waliolala. Naomba mlishike hilo: siku za mwanzo mgongo unapouma vikali, hata mazoezi maalumu si lazima. Tembea ndani ya nyumba, pika, nenda dukani, badilisha mkao. Mazoezi yenyewe yatakuja maumivu makali yakishatulia.

Jambo jingine linalowafunga watu ni karatasi ya majibu ya MRI. Mtu anakuja ameikunja mara nne mfukoni, ameambiwa diski imetoka na pingili zimesagika, na tangu siku hiyo anatembea kama amebeba mayai. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu 3,110 ambao mgongo hauwaumi kabisa. Miongoni mwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Wenye miaka 50, asilimia 80. Wenye miaka 80, asilimia 96. Nasema tena, hawa hawakuwa wakiumwa. Picha inamsaidia daktari inapolingana na dalili zako, lakini haitoshi peke yake kukuhukumu ukae maisha yako yote.

Tuje kwenye uzito. Hapa nitasema jambo ambalo wauzaji wa mazoezi hawalipendi. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo sana. Wake Forest hao hao walichukua watu 454 wa miaka 55 na kuendelea, wazito, wenye magoti yaliyosagika, wakawagawa makundi matatu kwa miezi 18. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Waliofanya mazoezi tu, saa moja mara tatu kwa wiki, walipungua kilo 1.8. Waliobadilisha chakula tu walipungua kilo 8.9. Waliofanya vyote viwili walipungua kilo 10.6, na hao ndio waliobaki na maumivu kidogo kuliko wote. Angalieni pengo lililopo kati ya kilo 1.8 na 8.9. Mtu mwenye goti bovu anayelazimisha kukimbia ili akonde anaharibu goti kwa faida ndogo ambayo angeipata kwa urahisi jikoni.

Tupige hesabu ya hapa kwetu. Soda moja ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai, kalori kama 150. Mtu wa kilo 80 atembee haraka haraka nusu saa ndipo aimalize. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, na mnajua wenyewe tunavyomimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Wali wa nazi ni chakula chetu na siuondoi mezani. Nasema tui zito lipungue, sahani ijae mchicha na maharage kabla ya wali, samaki achomwe au apikwe rojo badala ya kukaangwa akaelea, na chai ya jioni isiambatane na maandazi matatu. Samaki, mayai, maharage na choroko visikosekane, maana anayepungua kwa kushinda njaa hupoteza mafuta pamoja na misuli, na mwenye goti bovu hana msuli wa kupoteza. Mwenye kisukari anayetumia dawa, na mwenye presha, azungumze kwanza na anayemtibu, kwa sababu dozi huenda ikabidi ibadilike.

Kama chakula ndicho kinachopunguza kilo, mazoezi ni ya nini? Ni ya kulinda msuli, kulisha gegedu, kutuliza maumivu, kushusha sukari, kuuimarisha moyo, na kuzuia kilo zilizoondoka zisirudi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli, na limewajumuisha wenye maradhi ya muda mrefu na ulemavu. Mwongozo huo pia uliondoa ile kanuni ya zamani kwamba zoezi lisilofika dakika kumi halihesabiki. Ukiweza dakika tano asubuhi, tano adhuhuri na tano jioni, zote zinaingia kwenye hesabu.

Sisi wa Tanga tumepewa vitu viwili ambavyo miji mingine inavitafuta. Cha kwanza ni ardhi tambarare na mazoea ya baiskeli. Hapa mama kupanda baiskeli kwenda sokoni si habari. Ukikaa juu ya kiti cha baiskeli, uzito wako unabebwa na chuma, na goti linakunjika na kukunjuka bila kishindo. Lakini kiti kiwekwe sawa. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Wengi huendesha kiti kikiwa chini mno, magoti yanapanda mpaka kifuani, kisha wanasema baiskeli imewaumiza. Mwenye mgongo mbaya achague zile Phoenix za usukani mrefu zinazomkalisha wima, apite njia zisizo na mashimo. Anayeyumba, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aiache kwanza.

Cha pili ni bahari. Ukisimama kwenye maji yanayofika kiunoni, miguu inabeba karibu nusu tu ya uzito wako. Yakifika kifuani, kama theluthi. Mama wa kilo 110 akiingia baharini pale Raskazone maji yakamfika kifuani, miguu yake inabeba kilo 35 hivi, uzito wa mtoto wa shule ya msingi. Na hahitaji kujua kuogelea. Atembee ndani ya maji kwenda na kurudi, mbele na nyuma, akisukuma maji kwa viganja. Ndani ya dakika kumi atahema. Aende na mwenzake, ajue saa za maji kujaa na kupwa, avae viatu vya plastiki kwa ajili ya miiba ya urumbu. Anayejua kuogelea na ana goti lililoumia upande wa ndani aepuke mtindo wa chura, kwa sababu teke lake hulipinda goti kwa nje. Apige miguu iliyonyooka.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halihitaji bahari wala baiskeli. Linahitaji kiti. Nitalieleza polepole. Chukua kiti kigumu kisichotembea, kiegemeze ukutani. Kunja blanketi, liweke juu ili kiti kipande. Kiti kikiwa juu, goti linabeba kidogo. Kaa mbele ya kiti, miguu iachane upana wa mabega, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Inamia mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, kisha sukuma ardhi usimame wima. Sasa ndiyo kazi yenyewe: kushuka. Shuka ukihesabu moja, mbili, tatu, makalio yaguse blanketi kwa upole, usijitupe. Mara tano, pumzika dakika moja, rudia mizunguko mitatu. Ukishika meza kwa mkono mmoja si aibu. Ukikaa wiki nzima bila maumivu kuongezeka, punguza mkunjo mmoja wa blanketi, kiti kishuke kidogo, uendelee hivyo hivyo.

Zoezi hili nililianza na mama lishe mmoja aliyekuwa akipika mbele ya jiko la mkaa akiwa amekaa kwenye kigoda, magoti yamekunjika mpaka mwisho, saa nyingi kila siku. Kabla ya zoezi lolote tuliinua jiko juu ya tofali hadi usawa wa kiuno, akapata kiti cha kawaida, na ile mbuzi ya kukunia nazi ikaenda kwa binti yake. Kisha mablanketi mawili juu ya kiti, mara tano tano, kabla ya kuwasha moto na baada ya kufunga. Chai ikawa bila sukari. Uzito ulianza kushuka taratibu, lakini kilichomfurahisha mapema zaidi ni kupanda daladala bila kuvutwa mkono na kondakta. Nakumbuka pia mzee mmoja ambaye hakuwa na habari na kilo. Alikuwa akiswali kwenye kiti, akataka asujudu tena chini pamoja na safu. Hilo lilikuwa lengo zuri kuliko namba yoyote ambayo ningempa, na lilimtoa nyumbani hata siku za mvua.

Kwa mgongo, Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, amefundisha mazoezi ambayo nami nayatumia. Mojawapo: piga magoti na viganja chini kwenye mkeka mnene, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, mgongo ubaki sawa, tulia hadi sekunde kumi, badilisha. Ambaye magoti hayamruhusu ashike ukuta akiwa amesimama, anyooshe mguu mmoja nyuma. Lengo ni misuli ya kiuno ijifunze kukaza kwa muda mrefu bila kuchoka. Kuna zoezi ambalo ningefurahi likiachwa kabisa na wenye mgongo mbaya: kulala chali na kuinuka mara mia kwa kasi ili kukata tumbo. Linazibana diski bila sababu, na mafuta hayaondoki mahali unapopafanyia mazoezi. Yanaondoka mwili mzima kwa mpangilio wake. Mikanda ya kubana tumbo na majaketi ya plastiki nayo hutoa maji tu, ukinywa glasi mbili yamerudi.

Utajuaje kama unajijenga au unajibomoa? Pima maumivu kutoka sifuri, yaani hakuna, hadi kumi, yaani hayavumiliki. Yakikaa mpaka mbili, endelea bila hofu. Yakifika tano, bado yanaruhusiwa iwapo asubuhi inayofuata yamerudi kama yalivyokuwa. Yakivuka tano, au goti likiamka limevimba, zoezi lilikuwa zito: lipunguze, usiliache. Nawaonya vijana wanaofundisha kwenye gym na kupiga kelele za vumilia, vumilia. Mwenye kano iliyokatika haponi kwa kelele. Na tafadhali msimeze diklofenaki ndipo muende kufanya mazoezi. Dawa inaficha maumivu ambayo ndiyo yangekuonyesha pa kuishia, na ikitumika muda mrefu bila usimamizi hudhuru figo na tumbo na hupandisha presha.

Yapo pia mambo ambayo mazoezi hayafai kuyagusa kabla ya hospitali. Mgongo unaouma pamoja na ganzi sehemu za siri au mahali unapokalia, mkojo au choo kisichozuilika au kisichotoka, mguu unaoishiwa nguvu siku hadi siku: nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Vivyo hivyo homa pamoja na maumivu ya mgongo, kukonda bila kujitahidi, maumivu yanayomwamsha usiku mtu aliyewahi kuugua saratani au kifua kikuu, na goti lililovimba, jekundu na la moto.

Nina ombi kwa klabu za jogging, nalisema kwa heshima kwa kuwa mmefanya kazi kubwa ya kuutoa mji huu kitandani. Anzisheni kundi la watembeaji. Litoke nusu saa kabla ya wakimbiaji, livae fulana ile ile, liwe na kiongozi anayetembea nyuma pamoja na wa mwisho badala ya mbele, ili wote wakutane mwisho wa safari. Asiyeweza kutembea apewe kiti kiwanjani, anyanyue chupa za maji za lita moja na nusu kwa kila mkono huku wenzake wakiruka. Moyo wake utapiga vilevile. Na kwa halmashauri ya jiji: mwenye mgongo mbaya hutembea hadi kwenye benchi linalofuata, basi. Yakiwekwa mabenchi yenye kivuli karibu karibu kando ya bahari, watu wengi watatoka ambao leo hatuwaoni.

Maswali nitayapokea sasa. Ila wenye vyuma mifupani, na waliofanyiwa upasuaji wa mgongo, naomba tusijibizane hadharani. Nitabaki kwenye ile meza ya pembeni. Njooni na kadi zenu na picha za eksirei, tuangalie mmoja mmoja daktari wake amemruhusu kubeba nini.